Berjuhi Anayewaachia Walio Mbali Nafasi Kando ya Jeneza

Saa nne na robo asubuhi, Berjuhi Keshabian amepanda juu ya stuli katika ua wa kanisa, mtaa wa Burj Hammud, na anawagombeza wafiwa.

"Maral, shusha huo mkono, hii si harusi. Shoghig, mwanangu, wewe lia tu, lakini usiiname, nitapata nywele tupu. Na wewe Nazaret, baki hapo hapo kwenye kichwa cha mama yako. Usimsogelee huyo Shoghig! Nimesema usimsogelee!"

Watu kumi na mmoja waliovaa nyeusi wanamtii kama watoto wa shule. Mbele yao limelazwa jeneza la Yeranuhi Boyamian, aliyefariki juzi akiwa na miaka themanini na minne. Upande wa kichwa umeinuliwa kwa matofali mawili ili uso wake uonekane. Amefungwa kitambaa cha hariri alichokuwa akikivaa siku za Pasaka, na ukimtazama harakaharaka unaweza kudhani anasikiliza.

Kati ya Nazaret, mwanawe mkubwa, na Shoghig, mjukuu wake, kuna nafasi ya shubiri mbili ambapo hajasimama mtu. Berjuhi ameipima kwa kiganja chake mwenyewe, mbele ya kasisi na kila mtu, bila haya hata kidogo.

Nafasi hiyo ni ya Vahram, mtoto wa mwisho wa marehemu, aliyehamia Montreal miaka kumi na tisa iliyopita. Maziko ni siku ya pili baada ya kifo, na hakuna ndege ambayo ingemfikisha.

Hivi ndivyo zinavyopigwa picha za jeneza katika familia ya Keshabian, wapiga picha tangu wakati wa babu yake Berjuhi. Aliyeshindwa kufika huachiwa nafasi. Baadaye hutuma picha yake akiwa amesimama, naye Berjuhi humtia mahali pake, safu ikatimia. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mkasi, gundi na brashi. Sasa inafanywa kwa kompyuta.

"Watu waliofiwa hubanana wenyewe," anasema. "Ukizubaa nusu dakika, nafasi imeshajifunga. Ndiyo maana napiga kelele. Watu wanadhani mimi ni mkali."

Ni mkali pia. Muulize yeyote mtaani.

Lakini asubuhi hii kuna mtu aliyekuwa mkali kumzidi. Nazaret Boyamian, mwokaji mikate mwenye miaka hamsini na mitano na mikono kama makasia, hakutaka nafasi hiyo iwepo. Alianza kwa kunong'ona.

"Dada Berjuhi, izibe hiyo nafasi."

"Siizibi."

"Haya ni mazishi ya mama yangu."

"Ni mama yake na yeye."

"Dada, tusikilizane. Kwenye jeneza la baba tulimwachia, sivyo? Alituma? Hakutuma! Mama kaitazama picha ile miaka kumi na moja. Kila Jumamosi anaipangusa vumbi, na pale penye tundu anapangusa mara mbili. Mara mbili, dada! Mimi sitaki tundu la pili ukutani kwangu."

Hakuwa ananong'ona tena. Kasisi alikohoa. Maral, mkewe, alimshika kiwiko, naye akakichomoa.

Berjuhi alishuka kwenye stuli. Ni mwanamke mfupi, ana miaka sitini na mitatu, na ili kumtazama Nazaret usoni ilimbidi arudi nyuma hatua moja.

"Nipe mpaka arobaini," alisema. "Vahram asipotuma picha mpaka siku ya arobaini ya mama, nitaifunga nafasi mwenyewe kwenye kompyuta. Nitamsogeza Shoghig ubavuni pako, hakuna atakayejua."

"Unaapa?"

"Mbele ya mama yako, naapa."

Nazaret alirudi mahali pake. Berjuhi akapanda stuli, akapiga picha.

Waliomsikia akiapa walishangaa, na walikuwa na haki ya kushangaa. Mtaa mzima unajua kwamba Berjuhi hamsogezi mtu. Baba yake alimfundisha kuwa katika picha ya jeneza, pale uliposimama ndipo uliposimama, hata kama ulikanyaga shada la maua. Kwa miaka arobaini na minne ameishika sheria hiyo. Alikubali kuivunja kwa sababu aliona njia nyingine zote zimefungwa, na kwa sababu alijua jambo ambalo Nazaret hakulijua.

*

Studio yake iko ghorofa ya chini, Mtaa wa Marash, kati ya muuza viungo na fundi viatu. Harufu ya basturma, nyama iliyokaushwa kwa viungo, huingia bila kubisha hodi. Kiti kimoja, pazia jeupe, kompyuta, jiko dogo la kahawa, na kabati la mbao lililofika dari. Mlipuko mkubwa wa bandarini ulivunja vioo vyote vya mbele. Sahani za kioo za baba yake, zinazoshika picha kama filamu, zilizokuwa kabatini ndani ya mablanketi, hazikupata hata ufa, na Berjuhi hulisimulia hilo kana kwamba yeye ndiye aliyezikinga kwa mwili wake.

Baba huyo, Mihran, ndiye aliyeanza naye kazi rasmi Berjuhi alipotimiza miaka kumi na tisa. Mihran aliipata kazi kwa baba yake, na huyo aliipata kwa kuhitajiwa.

"Wazee wetu waliofukuzwa kwao wakafika hapa kwa miguu walikuwa wamewaacha watu wao njiani," anasema Berjuhi. "Jangwani. Hakuna sanda, hakuna kasisi, hakuna kaburi. Sasa mtu akifa hapa kitandani mwake, akapata jeneza, akapata watu wa kumlilia, unataka nini zaidi? Hiyo ni ya kuonyeshwa. Walikuwa wanamwita babu mbio, kabla hata ya seremala."

Picha hizo zilisafiri kwa posta hadi Aleppo, Marseille, Buenos Aires na Fresno, kwa ndugu ambao hawangeonana tena. Berjuhi anazo nakala mia kadhaa. Nyuma ya nyingi, kwa mwandiko wa watu mbalimbali, kuna maneno yaleyale: *Amezikwa. Watu walikuwepo.*

Kulikuwa na picha ngumu zaidi, za watoto wachanga ambao hawakuwahi kupigwa picha wakiwa hai. Mama alikuwa akija studio siku tatu baada ya maziko na kuomba jambo moja: mtoto afumbuliwe macho. Mihran alikuwa akikaa siku mbili juu ya sahani ya kioo na penseli iliyochongwa kama sindano, akichora mboni.

"Nilianza kumsaidia nikiwa na miaka kumi na minne," Berjuhi anakumbuka. "Ukikosea kidogo tu, mtoto anaonekana kashtuka. Na mama atamwona ameshtuka maisha yake yote. Baba alikuwa halali vizuri mpaka mama aje, aitazame picha, aseme, 'Ndiye.'"

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alipiga hadi picha nne kwa wiki, nyingine ndani ya vyumba vya chini ya ardhi, huku mtu mmoja akishika taa na mwingine akihesabu mabomu. Sasa ni mbili kwa mwezi, mwezi ukiwa wa neema. Anatoza dola arobaini pamoja na nakala tatu. Umeme wa jenereta peke yake unamla dola sitini na tano kila mwezi.

Kinachomweka mjini ni picha za pasipoti. Tangu pesa ya nchi ianguke, vijana wanapanga foleni hadi kwa fundi viatu. Anawapiga, anawatakia heri, anawabusu mashavuni, na wakishatoka anasonya.

"Hawa ndio nafasi zangu za kesho," anasema. "Mwezi uliopita nilipiga picha ya jeneza, watu tisa wamesimama na nafasi tano. Tano! Ilikuwa kama mdomo wa babu yangu. Na wote watano niliwapiga mimi pasipoti. Vahram pia nilimpiga mimi, hapo hapo kwenye kiti hicho. Nilimwambia asitabasamu, ubalozi hautaki meno."

Kwa nini basi asiwatie kwa picha zile zile za pasipoti?

Anakutazama kama umemwambia atie chumvi kwenye kahawa. "Uso wa pasipoti unamtazama afisa. Wewe unataka mtu amtazame mama yake aliyelala kwa uso huo?"

Ana masharti, na aliyarithi yote. Aliye mbali asimame wima. Mwanga utoke kushoto. Atazame chini, mikono imekutana mbele. Avae nyeusi. Kwa miaka yote hii amezirudisha picha za mashati ya maua, za fulana za mpira, na moja ya bwana aliyevaa miwani ya jua mbele ya bahari. Aliwaandikia wote maneno machache, na wengi walituma nyingine.

Mmoja anayemkumbuka vizuri hakutuma.

*

Wiki moja baada ya maziko ya Yeranuhi, Berjuhi alipika kahawa, akafunga mlango wa studio kwa ndani, na akafungua barua pepe ya miaka kumi na moja iliyopita. Alimwomba mwandishi wa makala hii asiandike neno kabla yeye hajamwambia Nazaret kwa kinywa chake. Ameshamwambia, kwa hiyo sasa yanaandikika.

Vahram alikuwa ametuma.

Baba yao, Manug, alipofariki, picha ilipigwa na nafasi ikaachwa. Wiki tatu baadaye ikaja picha kutoka Montreal. Kijana amesimama mbele ya tanuri kubwa la mikate. Amevaa aproni nyeupe na kofia ya karatasi, unga umemfika kwenye viwiko. Ametazama chini. Mikono imekutana mbele, kama inavyotakiwa. Mwanga, kwa bahati, unatoka kushoto.

Chini yake aliandika: *Dada Berjuhi, suti sina, na haya ndiyo mapumziko yangu ya leo, dakika kumi. Nitie hivi hivi.*

Berjuhi alimjibu kwa mstari mmoja: *Mtu hasimami kwenye jeneza la baba yake na aproni. Tuma nyingine.*

"Nilidhani atatuma kesho yake," anasema. "Halafu nikasema Jumatatu. Halafu mwezi ukaisha. Mama yake akawa anapita hapa kila Ijumaa akitoka sokoni, na mfuko wake wa mboga. 'Berjuhi, roho yangu, Vahram ametuma?' Namwambia, 'Bado, mama.' Nilijiona sijadanganya, maana ile niliyoitaka bado haijafika. Nimemwambia 'bado' hiyo miaka kumi na moja."

Anazungusha kikombe kwenye kisahani.

"Na huyo Manug alikuwa nani? Alikuwa mwokaji mikate. Miaka arobaini tanurini, mtaa huu huu, mimi nimekula mikate yake tangu sina meno. Alipolala kwenye jeneza alikuwa bado ana unga kwenye kucha, niliuona kwenye lenzi yangu. Nami nikamkatalia mwanawe aproni! Nilifikiria nini? Nilifikiria suti."

Huyu ni mwanamke anayewapigia kelele makasisi, na sasa alikuwa analia bila sauti, akijifuta kwa kitambaa cha kusafishia lenzi.

Vahram alikuwa akimpigia mama yake simu Krismasi na Pasaka. Alimwambia kazi ni nzuri na afya ni njema. Kazi gani, hakusema. Aliondoka Burj Hammud akiwa amemwambia baba yake na Nazaret kwamba hataki kunuka hamira maisha yake yote, na baada ya maneno kama hayo ni vigumu kupiga simu na kusema uko tanurini. Picha hakuitaja, kwa kuwa aliamini familia ndiyo iliyomkataa. Mama naye hakuitaja, akiogopa kwamba akimbana, hata hizo simu mbili zitakatika. Mama na mwana walilikwepa neno hilo moja hadi mmoja wao akafa.

*

Siku ya kumi na saba, saa nane mchana, wateja wa chakula cha mchana walipopungua, Berjuhi aliingia katika duka la Boyamian akiwa na bahasha. Nazaret alikuwa anatoa tanurini lahmajun za mwisho, mikate bapa ya nyama. Yaliyotokea wanayasimulia wote wawili, na hawatofautiani sana.

"Vahram alituma," alisema Berjuhi.

"Enhe. Hatimaye. Lini, jana?"

"Alituma kwa ajili ya jeneza la baba yako. Miaka kumi na moja iliyopita. Mimi niliikataa."

Nazaret aliweka chini koleo lake la mbao.

"Uliikataa."

"Alikuwa amevaa aproni. Nikamwambia atume nyingine. Hakutuma."

"Mama yangu alikuwa anakuja kwako kila Ijumaa."

"Kila Ijumaa."

"Na wewe ukimwambia bado."

"Nikimwambia bado."

Wateja wawili waliokuwa wanakula walichukua mikate yao wakatoka nayo nje, na walifanya vizuri. Nazaret alipaza sauti hadi muuza viungo akaja mlangoni. Alimwambia Berjuhi kwamba yeye na suti zake wamemuua mama yake kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja. Alimwambia kwamba mwaka ulipotimia tangu baba afe, Vahram alipiga simu dukani, naye, kwa hasira ya picha ambayo hakuitaja, akamwambia asipige tena, eti hana ndugu hapa.

"Mimi niliyasema hayo! Kwa mdomo huu! Kwa ajili yako!"

Berjuhi hakujitetea. Kwa wanaomfahamu, hilo pekee ni habari ya gazeti.

"Nenda, Berjuhi," Nazaret alisema mwishowe. Hakumwita dada. "Nenda kabla sijasema neno nitakalolijutia."

Alikwenda. Bahasha aliiacha juu ya meza ya unga.

Usiku huo, anasema, aliona afadhali angekutwa na mabomu. Ameishi mtaa mmoja na Nazaret tangu utotoni. Alimpiga picha za ubatizo, za harusi, za watoto watatu. Hakuogopa kukosa mteja. Aliogopa kwamba siku arobaini zitaisha, atafunga nafasi kama alivyoapa, na Vahram atakuwa hayupo kwenye picha ya baba wala ya mama, bila kosa lolote isipokuwa kuwa kazini.

Asubuhi yake alipofika kufungua, Nazaret alikuwa amekaa kwenye ngazi ya studio. Picha alikuwa nayo mkononi, ina alama ya dole gumba la unga.

"Hili tanuri ni la gesi," alisema.

"Sijui mambo ya tanuri, mdogo wangu."

"Ni la gesi. Tazama mlango wake. Mikate haiwezi kutoka vizuri humo." Akaigeuza picha. "Anaoka."

"Ndiyo, anaoka."

"Anaoka! Mjinga huyu! Kaukimbia unga hapa, kaenda kuushika kule kwenye barafu!" Akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, na Berjuhi akachelewa kutambua kwamba hacheki tena. Aliketi naye kwenye ngazi. Fundi viatu aliwaletea kahawa bila kuombwa na kurudi zake haraka.

Nazaret aliomba namba ya mdogo wake. Alipiga akiwa amekaa kwenye kiti cha pasipoti, pazia jeupe nyuma yake.

"Vahram? Mimi hapa."

Akaiweka simu kwenye spika.

"Unaoka nini huko?" Nazaret aliuliza.

"Kila kitu," ilisema sauti. "Alhamisi naoka lahmajun."

"Kitunguu unatia kiasi gani?"

Waliongea kuhusu vitunguu dakika ishirini. Waligombana kuhusu nyanya. Mama hakutajwa hadi mwisho kabisa, na alipotajwa Berjuhi alitoka nje akawaachia chumba. Aliporudi, Nazaret alikuwa anasema, "Tuma picha. Vaa unachotaka. Ukitaka njoo na gunia." Kisha akampa Berjuhi simu.

"Dada," alisema Vahram, "nilidhani wao ndio waliokukataza kunitia, wewe ukatafuta la kusema."

"Hakuna aliyenikataza, roho yangu. Ni mimi na suti zangu. Nisamehe."

"Nilikuwa na dakika kumi tu," alisema Vahram, na hilo ndilo linalomuuma Berjuhi hadi leo kuliko kelele zote za Nazaret.

*

Tangu siku hiyo amelifungua kabati la mbao na barua pepe za zamani, na amepata watu wengine tisa ambao aliwarudishia picha kwa sababu ya nguo na hawakutuma tena. Yumo muuguzi wa Buenos Aires aliyevaa sare. Yumo dereva wa lori wa Fresno. Yumo bwana wa miwani ya jua. Amewaandikia wote tisa maneno yaleyale: ile picha uliyotuma inatosha, na kama bado unataka, nitakutia. Wanne wamejibu. Bwana wa miwani amesema siku ile alikuwa ameivaa kwa sababu macho yalikuwa yamevimba.

Binti yake, Arpi, yuko Marseille na humpigia kila jioni kumwambia afunge duka akaishi naye. Mpaka juzi Berjuhi alikuwa akimjibu kwamba atafikiria. Sasa ana mpango kamili. Atazijaza nafasi hizo kumi, moja baada ya nyingine. Sahani za kioo atazikabidhi kanisani. Halafu, majira ya kuchipua yajayo, atamfuata Arpi na wajukuu.

"Sitaki kuondoka na watu wamesimama nje ya picha kwa amri yangu," anasema. "Natumaini Mungu atanipa macho mpaka wa mwisho. Na ya Manug ndiyo ya kwanza. Ile aproni naiacha ilivyo, na unga wake wote."

Leo ni siku ya thelathini na nane. Picha ya Vahram imefika usiku. Kwa ajili ya mama yake amevaa suti nyeusi, bila kuambiwa na mtu. Ametazama chini, mikono imekutana mbele, mwanga unatoka kushoto. Berjuhi amemkata taratibu kutoka kwenye ukuta uliokuwa nyuma yake, amemleta hadi ua wa kanisa, na hapo amekwama.

Nazaret anaingia na mikate miwili ya moto chini ya kwapa, anavuta kiti.

"Kuna nini? Mbona umekunja uso?"

"Njoo uone."

Nafasi aliyoiacha Berjuhi ilikuwa ya kijana waliyemkumbuka, yule wa kiti cha pasipoti. Aliyekuja ni bwana wa miaka arobaini na sita, mpana kama baba yake, mpana kama kaka yake. Bega moja limemfunika Shoghig shavu. Lingine limeingia kifuani mwa Nazaret.

"Kanenepa," anasema Nazaret kwa furaha kubwa. "Angalia tumbo! Na alikuwa ananicheka mimi!"

"Hatoshi, Nazaret. Nitamkata bega kidogo. Au nimpunguze mwili, hii kompyuta inaweza, hata yeye hatajua."

"Umkate nani?"

"Kidogo tu."

Nazaret anaweka mikate juu ya meza. Anaitazama picha: mama yake amelala, na yeye mwenyewe amesimama kwenye kichwa chake, mahali pa mtoto mkubwa, mahali aliposimama siku ile bila kutaka kumwachia mdogo wake nafasi.

"Usimkate," anasema. "Nisogeze mimi."

Berjuhi anamgeukia kuhakikisha amesikia sawa. Halafu anashika kipanya na kumsogeza. Ni mtu wa kwanza kumsogeza katika maisha yake. Nazaret anajiona akienda kushoto kidogo kidogo, mbali na uso wa mama yake, na mdogo wake akiingia.

"Inatosha hapo?" anauliza Berjuhi.

"Bado," anasema Nazaret. "Ongeza."